Maharage Yaliyopikwa Tunduma

Mpika, Zambia

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta goti limepoa. Kama bado linauma, acha kujifanya msichana, kaka Tito akubebee ndoo za maji. Mimi ni mzima, ila kiuno kinalalamika. Simu imekufa njiani, ndiyo maana nimempa barua dereva wa basi linalorudi.

Ulisema nimalizapo chuo nitafute kazi, nisizurure na begi mgongoni kama Mzungu anayetafuta maporomoko. Haya, umeshinda nusu, safari yenyewe imegeuka kazi. Kutoka stendi ya Msamvu hadi Tunduma tulikwenda vizuri. Balaa lilianzia mpakani, na balaa lenyewe ulilifunga wewe kwa mikono yako.

Yale maharage ya shamba la mama mdogo Kristina, uliyotaka nimpelekee huku Mpika, uliyachanganya na majivu kama unavyohifadhi mbegu zote. Afisa aliyekagua mizigo aliuliza ni nini, nikasema chakula. Akachota kiganjani, akapuliza majivu, akasema mbegu hazivuki bila kibali. Nikang'ang'ania kuwa ni chakula.

“Basi dada, kama ni chakula, kayapike,” akasema, wala hakuwa na hasira.

Nilikaa pembeni nikalia, sikufichi. Nilikumbuka maneno ya mjomba Pius, kwamba mvua hizi zikipita mama mdogo hajarudi, shamba lake atapewa mwingine wa ukoo wetu. Nitamwitaje nyumbani bila hata punje ya kumwonyesha kwamba shamba bado lipo na bado ni lake? Mama mmoja Mnyakyusa, muuza vitenge niliyekaa naye kiti kimoja, alinishika mkono hadi kwa mama lishe. Malori yalikuwa yamejipanga hadi huko nyuma, basi letu halikuwa na pa kwenda. Tukayaosha majivu, tukayachemsha kwa chumvi, nikavuka nayo ndani ya ndoo ya mfuniko bila mtu kuniuliza neno.

Upande wa pili barabara imeoza, mama. Dereva alikuwa hakwepi mashimo, anachagua tu la kuingia. Babu wa kiti cha mbele alimwangukia jirani yake mara nyingi hadi akachoka kuomba radhi, wakaishia kushikana mikono kama maharusi. Mimi niliipakata ndoo na kusali.

Mama mdogo amekonda, lakini kicheko chake ni chako kabisa. Tangu mumewe afariki anauza nyanya sokoni. Nilipompa ujumbe wa mjomba aliendelea kupanga nyanya zake. Kisha akasema hawezi kurudi nyumbani Mlali mikono mitupu, watu watauliza miaka yote alikuwa anafanya nini huku. Bora nimpe hizo mbegu nilizotumwa azipande nyuma ya nyumba, yaishe.

Nikafunua ndoo, nikamsimulia ya mpakani. Alicheka hadi akaegemea mlango. Halafu akaanza kuyala, nayo yalikuwa yameanza kuchacha, akala polepole huku machozi yanamtoka. Niliumia kumwona hivyo, nikachota nikala naye.

Alipomaliza akanawa mikono, akasema, “Mwambie dada anitunzie mbegu nyingine. Nakuja kuzipanda mwenyewe.”

Kwa hiyo nenda kwa mjomba leo hii, usingoje Jumapili, mwambie asimpe mtu lile shamba. Tunakuja pamoja mama mdogo akishauza nyanya zilizobaki. Yale maporomoko niliyotaka kwenda kuyaona hayahami, nitayaona siku nyingine. Nina furaha, mama, hata hiki kiuno nimekisamehe.

Nisalimie baba, na bibi mwambie mwanawe mdogo anakuja, ila mwambie akiwa amekaa. Kaka Tito aezeke kile chumba cha uani.

Mama mdogo amesimama nyuma yangu anasoma. Anataka nikuandikie mapema kwamba hana zawadi yoyote ya kuwaletea. Nimemjibu kwamba uliponituma hukutaja zawadi.

Mwanao akupendaye,
Felista