Rimoti ya Mkono wa Kulia

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemaliza kuchuma mistari ya chini kabla ya mvua. Baba Kibet amepeleka majani ya chai kituoni na amerudi akimlalamikia karani, kama kawaida yake. Maharagwe yako motoni. Naandika nikiyangoja.

Mwanangu Kibet alifika jana kutoka Nairobi na binti yake Chela, kwa sababu shule zimefungwa. Amekuja na mashine mpya ya gemu. Nilidhani ni zile za kubonyezabonyeza ambazo zilimfanya afeli hesabu zamani. Siyo. Hii ina rimoti mbili, ndogo kama vitana, moja kila mkono. Hubonyezi. Unapunga mkono, na katuni kwenye TV inapunga mkono. Unainama, inainama. Sikuipenda. Kitu kinachokuona bila macho kinanitia wasiwasi, nami nilisema hivyo. Wakacheka.

Wakanilazimisha nicheze tenisi. Niliupiga mpira wa kwanza vizuri sana. Wa pili pia. Nikasahau niko wapi. Mkono ukadhani umejaa majani, ukafanya ulichokizoea tangu usichana wangu: ukarudi nyuma ya bega kutia majani kikapuni. Kikapu hakikuwepo. Rimoti ikaruka, ikagonga ukuta juu ya kabati la glasi. Baba Kibet alicheka mpaka akatoka nje. Kibet anasema kuna kamba ya kufunga kwenye kifundo cha mkono na alisahau kuniambia.

Nimeona aibu lakini nilicheka pia. Ni siku nyingi hatujacheka pamoja hivi.

Jumanne, 5 Agosti

Leo nilifungwa kamba kama mbuzi. Tulicheza ule mchezo wa kuviringisha tufe na kuangusha vigingi. Zamu ya Chela ikiwa inaendelea mimi nilikaa na rimoti mapajani, na katuni yangu ilisimama pembeni ikingoja.

Chela akaniuliza mimi bibi yake, "Kogo, mbona mtu wako anatetemeka?"

Nikatazama. Katuni ya Chela ilikuwa imetulia. Ya Baba Kibet imetulia. Yangu ilikuwa inatikisa mkono wa kulia, kidogokidogo, bila kukoma. Kibet akasema ni kule kugonga ukuta, kuna kitu kimelegea ndani. Nikaomba msamaha.

Nilipoosha vikombe niliutazama mkono wangu. Sikuona kitu. Nikautazama tena ukiwa umelala kwenye meza. Kidole gumba kilikuwa kinasogea.

Ni baridi. Maji ya bomba yalikuwa ya baridi.

Jumatano, 6 Agosti

Wameenda Kabianga dukani wote watatu. Nikafunga mlango nikawasha TV peke yangu. Nilimwona Chela akiiwasha, si kazi ngumu.

Rimoti ya kulia, mapajani. Inatetemeka. Ya kushoto, mapajani. Imetulia kabisa. Nikapunga mkono wa kulia na kutetemeka kukaacha. Nikautuliza, kukarudi.

Kuna jambo moja la kujaribu: kuzibadilisha rimoti. Ile nzima niishike kwa mkono wa kulia. Sikulijaribu. Nilizima kila kitu nikaenda kukata nyasi za ng'ombe.

Naomba niwe nimeivunja. Mungu, kitu cha mtoto wangu, kitu kipya, na ninaomba niwe nimekivunja.

Baba yangu alianza na mkono wa kulia. Niandike tu, maana nyumba hii hakuna anayelitaja. Alikuwa na ugomvi wa mpaka na jirani yetu kule Sigor. Wazee wakakaa. Baba akala kiapo kwamba ua uko pale pale baba yake alipouweka, na kama anasema uongo basi mwili wake useme. Mwaka uliofuata mkono ukaanza kutetemeka. Halafu mguu. Halafu uso ukakauka kama wa mtu asiyetaka salamu. Jirani hakuhitaji kusema neno. Watu walijisemea wenyewe.

Mama alikuwa akimmiminia chai nusu kikombe. Kwetu ukimpa mtu nusu kikombe umemtukana. Baba pekee ndiye aliyepewa nusu, ili asimwage mbele yetu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mkono wa kushoto unaungoja wa kulia. Leo ndiyo nimeona. Nikichuma kwa mikono yote miwili, wa kushoto unajaa kwanza, unakaa, unangoja.

Baba Kibet amenipita kwenye mstari. Tangu anioe hajawahi kunipita. Alijisifu mpaka kituoni. Akaniuliza kama nimezeeka au nimempenda ghafla. Nilimjibu vibaya. Hakustahili.

Ijumaa, 8 Agosti

Kibet ameipeleka rimoti Kericho kwa fundi. Nilikaa siku nzima nikimngoja kama mtu aliyepeleka mgonjwa. Sikuchuma. Nilisingizia mgongo.

Amerudi. Fundi ameifungua, ameipima, ameirudisha. Anasema haina shida yoyote. Hakutaka hata malipo.

Nikasema mafundi wa mjini ni waongo. Kibet akanitazama kwa mshangao, maana kwa kawaida watu hulalamika fundi akisema kitu kimeharibika.

Nimeogopa. Sina neno lingine.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani nilikalia mkono. Ibada yote. Mama wa viti vya mbele akanipa kitabu cha nyimbo nikakipokea kwa kushoto, na najua alinishangaa. Kupokea kwa kushoto, mtu wa umri wangu.

Mchana Chela alitaka mbio. Katika mchezo huo unasimama mahali pamoja, unapunga mikono kama mtu anayekimbia, na katuni inakimbia. Nilikataa. Akalia. Nikakubali.

Nilikimbia kwa nguvu zangu zote. Nilihisi mikono yote inakwenda, nitaapa hivyo mahali popote. Basi nisiape. Katuni yangu ilikimbia na mkono mmoja. Wa kulia ulining'inia kama mkono wa shati kwenye kamba. Chela alicheka. Baba Kibet alicheka. Kibet alianza kucheka akaacha katikati.

Akaja akanifungua kamba. Akachukua rimoti yangu, akanipa ya kushoto niishike kwa kulia. Akanikalisha. Hakuuliza ruhusa.

Katuni ikatetemeka.

Kibet akaishika mwenyewe ile tuliyosema imevunjika. Katuni yake ikasimama imara kama nguzo ya stima. Chela akauliza ni zamu ya nani.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimemkasirikia Kibet. Ameleta kitu nyumbani kwangu kuja kunichungulia. Nimemwambia akirudishe Nairobi na asije nacho tena. Alianza kukunja nyaya. Afadhali angenijibu.

Baba Kibet ameniambia jikoni kwamba aliuona mkono tangu msimu wa kupanda mahindi. Nikitoka kwa ng'ombe, mmoja unapunga na mwingine umelala. Alidhani nimechoka. Halafu akasema, "Mficha maradhi kilio humfichua. Twende hospitali." Nikamuuliza nani anaficha. Akaenda kulisha kuku ambao walikuwa wameshakula.

Si mkono ninaouogopa. Mkono ni mkono. Ninaogopa kwamba watu walisema kweli. Kwamba Baba aliapa uongo, na deni halikuisha naye. Wazee walikuwa wakisema kiapo kinashuka. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Kama kimenifikia mimi, baada yangu ni nani? Wakati wa chakula nilikuwa nautazama mkono wa Kibet akimega kimyet, ugali wetu. Nikatazama na wa Chela, ule mkono mdogo wenye wino.

Mimi ni Mkristo, ninajua ninachopaswa kuamini. Lakini usiku uliopita niliamini kingine.

Alhamisi, 14 Agosti

Hospitali, Kericho. Kibet aliendesha, Baba Kibet akakaa nyuma ameshika kofia yake.

Daktari ni kijana, mpole, hana haraka. Nilitegemea mashine kubwa. Hakutumia mashine yoyote. Aliniambia nigonganishe kidole gumba na cha shahada, upesi upesi. Kushoto sawa. Kulia kilianza vizuri kikachoka njiani. Akaushika mkono wangu akaukunja na kuukunjua, akawa kama anasikiliza kitu.

Kisha akasema, "Mama, tembea mpaka kwa ile mlango halafu urudi."

Nilitembea. Kibet alikuwa amesimama hapo na nilimwona akifumba macho. Nadhani aliiona ile katuni.

Daktari akauliza kama kuna mtu mwingine kwetu aliyekuwa hivi. Nikasema hakuna. Baba Kibet akakohoa. Nikasema tena hakuna. Daktari hakubishana. Akaendelea kuandika, na kalamu yake ikanitia hofu kuliko maswali, kwa sababu alikuwa anaandika uongo wangu.

Nikasema, baba yangu.

Akaweka kalamu chini. Akauliza alianza na mkono upi. Nikamwambia. Akauliza kuhusu uso, hatua, sauti. Alikuwa anauliza mambo ambayo sikuwa nimemwambia. Alijua kwamba sauti ya Baba ilififia mpaka tukawa tunainama kumsikiliza. Alijua kwamba mlangoni alikuwa anasimama ghafla, kama miguu imegandishwa. Huyu kijana hakuwahi kufika Sigor siku hizo. Alikuwa hajazaliwa.

Akaniambia jina la ugonjwa. Parkinson. Anasema hawezi kumpima mtu aliyezikwa, lakini kwa ninavyoeleza haoni kingine. Anasema mara chache unatembea kwenye familia, mara nyingi hautembei, na nisianze kuutazama mkono wa kila mtoto. Sijui alijuaje hilo.

Nikamuuliza kama kiapo kinaweza kuuleta. Nilijua atacheka. Hakucheka. Alisema, "Mama, mimi nimetibu pasta, nimetibu mwalimu, na kuna mmoja hajawahi kugombana na mtu yeyote. Hiyo ni ugonjwa tu."

Amenipa dawa za kuanza. Nirudi aone kama mkono unazisikia. Hazitaumaliza ugonjwa, amesema wazi. Nilimshukuru kwa kusema wazi.

Ndani ya gari nililia. Baba Kibet alidhani ni kwa ajili ya mkono.

Ijumaa, 15 Agosti

Dawa inanichafua tumbo. Nimechuma kidogo. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Mkono bado unajua kazi yake. Unachelewa tu.

Hofu bado iko. Ila sasa ni hofu ya miguu, ya uso, ya kumwagikiwa na chai mbele ya wageni. Nimeikuta nikiamka nayo asubuhi. Ile ya watu kusema sijaisikia leo.

Kibet alikuwa ameifunga mashine kwenye sanduku. Nimemwambia aifungue. Daktari alisema nijizoeshe kupunga mkono, basi nitaupunga. Chela amenishinda kila mchezo na hana huruma.

Jumapili, 17 Agosti

Sigor, kwa Mama. Kibet ametuleta baada ya ibada.

Mama amekuwa mdogo. Masikio hayasikii vizuri lakini macho ni yale yale. Tulikaa nje ya jikoni, kwenye jua, upande wa ua wa michongoma. Ua uko pale pale.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Bomet. Nilikuwa nianze na jina la ugonjwa, halafu Baba, halafu mimi mwishoni kabisa. Niliuficha mkono chini ya leso.

Mama akamimina chai. Kibet, kikombe tele. Baba Kibet, tele. Chela, tele, akaambiwa apulize. Akafika kwangu. Akamimina nusu, akaweka birika chini.

Hakunitazama. Akanisogezea kikombe upande wa kushoto.

Nikautoa mkono chini ya leso. Kisha nikamwambia yote, mpangilio ukiwa umevurugika. Nikamwambia kwamba ni ugonjwa, una jina, una dawa, daktari ameniuliza habari za Baba na kila alichouliza kilikuwa kweli. Kwamba Baba hakuapa uongo. Mwili wake haukusema kitu. Uliumwa tu.

Mama akageuka akatazama ua. Nilidhani hakusikia. Upande wa pili wa ua, mke wa yule jirani wa ugomvi wa mpaka alikuwa anaanika mahindi, mzee kama Mama, amegeuza mgongo.

Mama akasema, "Sema tena. Na useme kwa nguvu."

Nikasimama, nikasema tena, kwa nguvu. Jina la ugonjwa, na jina la Baba.

Yule mama aliyekuwa anaanika mahindi akaacha kuyatandaza. Hakugeuka. Alikaa hivyo kidogo, halafu akaendelea.

Mama akaniambia nikae, chai inapoa. Nikainywa. Ilipoisha akanimiminia nusu nyingine.