Utusitusi wa Nyumba ya Barasa

Kwa mama yangu mpendwa,

Natumaini mvua ya huko Chwele imewaacha salama, na kwamba mguu wako umepoa. Mimi hapa Kitale ni mzima wa mwili, na cherehani hainikoseshi kazi. Ni akili tu iliyochanganyikiwa, na sina mwingine wa kumwambia.

Mama, yule Barasa wa Kiminini, seremala niliyekutajia, ameniomba tuoane. Aliniambia mapema kwamba mke wake wa kwanza alifariki. Nikamweleza Bi Zuhura, mwenye nyumba wangu, ambaye asili yake ni pwani. Akasema, "Mwanangu, nyumba ile ina utusitusi."

Neno hilo sikulijua. Nilimuuliza katekista wetu, akasema ni giza. Basi nikaogopa, nikaanza kumkwepa Barasa. Alipokuja kwenye veranda ninaposhonea kuuliza amenikosea nini, nikamwambia nilivyosikia. Hakukasirika. Alisema ni kweli: mama yake anaugua macho, mwanga unamuumiza, kwa hivyo madirisha yamefunikwa kwa magunia.

Nikaona haya, nikarudi kwa Bi Zuhura. Akasema yeye hakuzungumzia madirisha. Ati utusitusi si giza lenyewe. Ni pale unapoona kitu kipo na usijue ni kitu gani. Zaidi ya hapo hakutaka kusema.

Jumapili nilienda Kiminini mwenyewe. Mama yake Barasa alinishika uso kwa mikono miwili, akapapasa, akauliza, "Rosa, umerudi?"

Rosa ndiye yule mke aliyefariki. Barasa alisema mama amezeeka, anachanganya watu. Labda ni hivyo. Lakini pale bomani kwao sikuona kaburi. Anasema Rosa alizikwa kwao, upande wa Lugulu, kwa sababu ng'ombe wa mahari hawakuwa wamefika. Hiyo pia huwezekana, si ndiyo?

Nimemwambia sitajibu mpaka atupeleke kwa wazazi wa Rosa, mimi na wewe. Nilidhani atakataa. Amekubali mara moja, na sijui kama nifurahi ama nihofu zaidi. Tutafika kwako Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mtazame vizuri, mama. Mimi nimemtazama hadi simwoni tena.

Nisalimie baba, shangazi anayekutekea maji, na dada yangu mdogo.

Mtoto wako anayekuwaza,
Nekesa