Maganda Manne ya Mayai ya Bata

Baba Laras,

Wali upo kwenye sufuria, tempe ya soya iko chini ya kawa. Mayai ya bata usiyatafute, tumeyavunja yote kupata maganda mengine.

Leo asubuhi mtoto alipanga maganda manne mezani, migongo juu, akayatwika vitabu kimoja kimoja, na hayakupasuka. "Baba, njoo uone! Mgongo wa yai unagawa uzito!" Ukaja. "Hebu tuone kama yatambeba baba," ukapanda ukakanyaga, ukacheka peke yako. Yeye akaokota vipande bila kulia.

Hongera, bwana mkubwa, umelishinda ganda la yai. Ndicho kitu cha kwanza ulichokishinda tangu unioe. ~~Nimekosea.~~ Sikukosea.

Paka apewe dagaa. ~~Tutarudi mchana.~~ Tutalala kwa mama.

Shuleni leo kila mtoto anasimama na mzazi mmoja aonyeshe jaribio lake. Laras alikuwa ameandika jina lako. Amelifuta mwenyewe, akaenda kumgongea Pak Narto, yule baba wa jirani, asimame naye. Nimempa shati lako la batiki avae. Limemkaa vizuri kuliko wewe.

Mama Laras