"Mama ame"

Kitale, Jumanne jioni

Simu iliniponyoka asubuhi ikaanguka sakafuni. Adhuhuri dada yangu Nekesa akatuma ujumbe kutoka Bungoma, anakomuuguza Mama. Nasoma "Mama ame" tu. Kwingine kote ni doa jeusi.

Fundi wa simu alinieleza kwamba kati ya vioo viwili mna umajimaji, na umeme huugeuza nukta kwa nukta mpaka herufi zionekane. Kioo kikipasuka, unavuja.

"Si ujumbe uko ndani?"

"Uko, madam, lakini hauna pa kujiandika."

Alitia laini yangu kwenye simu yake, ujumbe haukuwemo; umehifadhiwa kwenye simu yangu, si kwenye laini. Tukampigia Nekesa, amezima. Mama amepona? Ame...

Kesho alfajiri naenda. Nimekunja leso za kumuuguzia Mama, na chini yazo nimeweka nguo nyeusi.