Maana Niliyoitunga Jikoni

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, zangu na za mama, ambaye kabla ya kwenda kujilaza amenisisitiza niandike kwamba anakukumbuka. Vipi hali yako? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi hapa wazima. Magoti yanamsumbua mama akipanda ngazi, lakini mdomo wake, kama ujuavyo, haujawahi kuugua.

Uliuliza kazi inaendaje. Yapo ya kusimulia. Unajua kwamba tunatunga kamusi ya Kiingereza na Kidenmaki, maelezo yote kwa Kiswahili, kwa ajili ya watu wetu wanaokwenda kufanya kazi kwa Wadenmaki. Mimi nilipewa kitenzi take. Watu hucheka wakisikia, eti neno moja tu, mwaka mzima? Hawajui shughuli yake. Ukichukua kikombe mezani, Wadenmaki wanasema tage, na hapo ni raha tupu. Ukimeza dawa, tage. Ukipiga picha, tage. Basi unaanza kujiona bingwa. Ukifika kwenye take a walk, yaani kufanya matembezi, wenyewe wanasema gå en tur, na ile tage yako huioni tena. Tukio likifanyika, take place, ni finde sted. Mtoto akifanana na babake, take after, ni ligne. Kila nilipodhani nimelimaliza, lilichipua upya.

Jirani yangu mezani alikuwa yule msahihishaji tunayemwita Mzee Nukta, kwa sababu nukta ikikosekana mwisho wa sentensi, yeye siku hiyo hali chakula. Alizoea kuniambia kwamba mume wangu ni take, na kwamba ndoa yenyewe inamsikitisha. Lakini kila ukurasa wangu aliusoma, na mara nyingi aliniokoa na aibu.

Sasa nikueleze jambo la ofisini ambalo sikuwahi kukuambia. Sisi watunga kamusi tunaibiwa sana. Mtu anatoa jasho miaka, mwenzake ananakili kwa wiki moja na kujiita mtaalamu. Kwa hiyo kila nakala inayotoka mikononi mwetu kabla ya kuchapwa tunaitia chambo, yaani maana moja ya uongo, ya kutunga, isiyokuwemo katika nakala nyingine yoyote. Nakala ya Mzee Nukta ilitiwa uongo wake kuhusu fundi cherehani anayekata uzi kwa meno. Tukienda kuchapa, uongo wote unatolewa.

Mwezi uliopita wachapishaji wenu, hao waliokuajiri tukafurahi nyumba nzima, walitoa kamusi yao. Mhariri wetu mkuu aliifungua kwenye take, rangi ikamtoka. Ilikuwa kazi yetu tupu, mpaka mifano. Kitenzi hicho tulikuwa nacho watu wawili tu, mimi na Mzee Nukta. Aliniuliza mimi kwanza kama nimewahi kumpa mtu nakala yangu. Nikasema sijampa mtu. Akatafuta yule fundi cherehani na uzi wake asimwone, akasema mzee ni mjanja, amekitoa chambo makusudi kabla ya kuuza. Mzee Nukta alijitetea mpaka sauti ikamkauka. Akafukuzwa palepale, mbele yetu sote. Aliondoka na miwani na kikombe chake, na katika ofisi nzima hakuna aliyemsindikiza hata mlangoni. Mimi pia sikunyanyuka.

Jioni hiyo niliichukua kamusi yenu hiyo, nakala uliyomletea mama zawadi, nikaisoma hapa jikoni neno kwa neno. Katikati ya ukurasa wa take, kweupe kabisa, nikaona maana hii: kufunga mlango kwa kiwiko, mtu akiwa amebeba vitu mikono yote miwili. Kidenmaki chake wameandika albuelukke.

Hakuna Mdenmaki aliyewahi kusema hivyo tangu azaliwe. Neno hilo nililitunga mimi, siku uliponiomba nikuazime nakala yangu eti unajisomea mtihani wa lugha. Ulikuwa unaingia na vikombe viwili vya chai, ukaufunga mlango kwa kiwiko, nikacheka, nikaliandika. Sikukushuku, haki ya Mungu. Ni mazoea ya mkono tu, nakala ikitoka lazima itiwe chambo. Tena niliona haya usiku ule, nikajiuliza nimekuwa mtu wa namna gani, wa kumtegea mdogo wake mwenyewe.

Na nilipoulizwa nikajibu kwamba sijampa mtu, sikuhisi kama nasema uongo. Wewe sikukuhesabu kuwa mtu wa nje. Nimekulea mgongoni, jamani! Ungeniomba kazi ningekutafutia. Ungesema umekwama ningehangaika na wewe. Kumbe uliniangalia usoni, ukanywa chai yangu, ukaenda kuuza mwaka wangu mzima ili upewe meza na kiti. Nimelia, halafu nikachoka kulia, sasa nina hasira tu.

Jana asubuhi nilikwenda kwa mhariri mkuu nikamweleza yote: kwamba nakala niliitoa nje, kwamba nilimdanganya, na kwamba niliyempa ni wewe. Nimelitaja jina lako kamili, na la baba juu yake. Alinisikiliza hadi mwisho, akanishukuru, kisha akaniambia niache funguo. Kwa hiyo dada yako amemwaga unga. Mzee Nukta aliitwa arudi siku ileile. Jioni nikitoa vitu vyangu tulipishana kwenye ngazi, nikamwamkia, hakuitikia. Simlaumu.

Wanasheria wetu watakuja kwenu wiki hii. Usinitumie mtu wa kunibembeleza nibadilishe maneno, nimeshatia sahihi. Lililobaki ni mama. Hajui kitu. Ananiuliza kwa nini leo sikwenda kazini, nami nimemwambia ninaumwa kichwa. Kila mgeni akija anaonyeshwa kitabu chenu, na kuambiwa kwamba humo ndani mna mkono wa mwanawe. Mimi sitamwambia. Hilo nimekuachia wewe, uje ukae mbele yake umwambie kwa mdomo wako, kabla hajayasikia kwa majirani.

Nisalimie wote wanaokupenda huko. Ujitunze, uvae vizuri wakati wa baridi.

Ni mimi,
Dada yako, maana hilo sina namna ya kulifuta.