Mlingoti wa Kirewa: Maelezo ya Prossy Maloba kuhusu Kifo cha Emoit Marvin

KITUO CHA POLISI TORORO
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Maloba Prossy
Jinsia: Mwanamke
Umri: Miaka 25
Kazi: Hana ajira. Alikuwa akijitolea katika Shirika la Upeo Mpya, Busia
Makazi: Busia mjini, upande wa Uganda
Lugha: Kiswahili
Tarehe: 24 Machi 2025
Mwandishi: Koplo Ecweru J., idara ya upelelezi

Mimi ndiye mwenye jina lililoandikwa hapo juu. Nina stashahada ya teknolojia ya habari. Sekondari nilisoma upande wa Kenya, ndiyo maana nimeomba kusema kwa Kiswahili. Nimekuja kwa hiari yangu kueleza ninachokijua juu ya kifo cha Emoit Marvin, mwenyeji wa Mukuju, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na saba. Tulikuwa tukijitolea pamoja. Hakuwa mchumba wangu wala ndugu yangu. Nasema hivyo kwa sababu nimekwisha kuulizwa na watu wengi.

Nilijiunga na Upeo Mpya mwaka 2023. Shirika hilo huweka kompyuta na intaneti katika shule za vijijini, na mkurugenzi wake ni Bwana Laban Oguttu. Wakati huo nilikuwa nimetuma maombi ya kazi mpaka nimechoka. Kila tangazo lilitaka mtu mwenye uzoefu, na hakuna aliyesema uzoefu wenyewe unapatikana wapi. Bwana Oguttu alikuja kanisani kwetu kuzungumza na vijana. Alisema kujitolea ndiyo njia, na kwamba wanaojitolea vizuri huajiriwa nafasi inapotokea. Nilimwamini. Kesho yake nilikwenda ofisini kwake nikiwa nimevaa nguo ya Jumapili.

Marvin nilimkuta hapo. Alikuwa na shahada, na alikuwa amekwisha kujitolea mwaka mzima. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi: kukata nyaya za mtandao na kuzifunga vichwa, kufufua kompyuta zilizotupwa stoo, kuwafundisha walimu bila kuwafanya waone haya. Tulizunguka shule za vijiji vya Mwello, Mukuju na Kirewa, mara kwa baiskeli, mara kwa bodaboda ikiwa shule yenyewe imetulipia. Kila tulipomaliza shule moja alipiga picha kwa simu yake na kusema hiyo anaiweka kwenye CV.

Kuna siku, huko Mwello, mwalimu mzee wa hesabu alimwandikia binti yake aliyeko Jinja barua pepe yake ya kwanza, na binti akajibu papo hapo. Mwalimu yule alilia mbele ya wanafunzi. Marvin alitoka nje akasimama nyuma ya darasa kwa muda. Aliporudi aliniambia kazi hii angeifanya mpaka uzeeni, ila angependa aifanye akiwa ameajiriwa.

Nafasi ilitokea mwaka jana, mwezi wa nane. Akapewa mtu aliyetoka Kampala. Bwana Oguttu alimwomba Marvin amfundishe mgeni huyo kazi, naye akamfundisha. Nilimuuliza anawezaje. Alisema akinuna ataondolewa, na akiondolewa hata barua ya kumsifu hataipata.

Kwao Mukuju waliamini ameajiriwa. Mama yake, Mama Akwi, alikuwa akimtumia unga wa muhogo na wa mtama, akidhani mshahara wa Busia unaishia kwenye kodi ya nyumba. Sisemi kwamba Marvin alimdanganya. Alimwambia anafanya kazi ya kompyuta, na alikuwa anaifanya.

Mnamo tarehe 10 Machi mwaka huu, siku ya Jumatatu, Bwana Oguttu alituita ofisini. Alisema wafadhili kutoka ng'ambo wanafika Alhamisi, na wataonyeshwa Shule ya Mwangaza iliyoko Kirewa. Intaneti ilikuwa haijafika katika shule hiyo. Yule aliyetoka Kampala alisema ana malaria. Tukatumwa mimi na Marvin.

Jumanne tarehe 11 tulifika Kirewa yapata saa nne asubuhi. Mwalimu mkuu, Bwana Odeke, alitupokea. Mlingoti wa kubebea antena ya intaneti ulikuwa wa mabomba matatu ya chuma, ya kuunganishwa, na ulitakiwa kusimama juu ya paa la maktaba, antena ikiwa kileleni. Paa ni la mabati. Nyuma ya maktaba hiyo zinapita nyaya za umeme, za ile laini kubwa iendayo kwenye transfoma ya senta, pale penye maduka. Siyo mbali. Mtu yeyote akisimama pale anaziona.

Mwalimu Odeke alisema amewaomba watu wa umeme waje kuzima laini kwa saa moja, nao wamemjibu watakuja Ijumaa. Alitushauri tungoje. Kisha akaitwa ofisini kwa sababu kulikuwa na mzazi aliyekuja na malalamiko, akaenda. Askari wa shule, anayeitwa Owori, alikwenda stoo kutafuta kamba ya pili. Tukabaki wawili.

Marvin alimpigia Bwana Oguttu. Aliweka simu sauti ya nje ili nami nisikie. Alimweleza habari ya nyaya, akamwomba tusubiri mpaka Ijumaa. Bwana Oguttu alisema Ijumaa wageni watakuwa wamekwisha kupanda ndege. Marvin akamwambia, kwa adabu, kwamba ni hatari. Bwana Oguttu akasema maneno haya, nami nayakumbuka kama yalivyo:

"Emoit, si wewe unataka kazi? Basi hii ndiyo intavyuu yako."

Akakata simu.

Nilimwambia Marvin tufunge vitu vyetu twende. Nilimwambia nitakwenda naye mpaka ofisini, tukafukuzwe pamoja. Alikuwa ameketi juu ya boksi la antena. Alinijibu, "Ukitaka kwenda nenda, Prossy, sitakulaumu. Mimi nimekaa hapa miaka mitatu. Nikiondoka leo, nitaanzia wapi?"

Sikuondoka.

Owori alirudi na kamba. Zote mbili zilikuwa za katani, kavu. Marvin alipanda juu ya paa ashike mlingoti chini kwenye kitako chake na kuukaza kwa bolti. Mimi nilikuwa chini upande wa uwanja, Owori upande wa jikoni, kila mmoja ameshika kamba yake. Hatukuwa na glavu wala kofia ngumu. Hatujawahi kupewa.

Mlingoti ulisimama vizuri mwanzoni. Marvin aliniinulia dole gumba. Halafu upepo ukapiga ile antena, na mlingoti ukaanza kulalia nyuma. Nilivuta kwa nguvu zangu zote. Owori naye alivuta. Ulikuwa mzito kuliko sisi. Nilipiga kelele auachie. Sijui kama alinisikia. Nadhani alitaka kuuzuia usianguke, kwa sababu antena ilikuwa moja tu.

Kulikuwa na mlio kama wa kitambaa kizito kinachochanwa. Marvin hakulia. Alibaki ameushika, kisha akaanguka juu ya mabati, na mlingoti ukabaki umeegemea nyaya.

Hatukuweza kumfikia. Watoto walikuwa wametoka madarasani, na Mwalimu Odeke alikuwa anawazuia kwa mikono miwili huku akipiga simu umeme uzimwe. Sijui tulingoja muda gani. Namwona pale juu, mkono mmoja umening'inia ukingoni mwa paa, nami siruhusiwi kupanda. Umeme ulipozimwa, Owori aliweka ngazi tukamshusha. Nilimgandamiza kifua kama tulivyofundishwa shuleni, na Mwalimu Odeke akaendelea kumgandamiza katika pikapu yake, mwalimu mwingine akiendesha, mpaka Tororo. Hospitalini daktari alisema amekwisha kufa.

Bwana Oguttu alifika alasiri. Alinipa pole. Kisha akaomba tuingie alipolazwa marehemu, mimi na yeye. Marvin alikuwa bado amevaa fulana ya shirika, ya buluu, imeungua begani. Bwana Oguttu aliniambia kwa sauti ya chini, "Nisaidie tumvue hii. Si vizuri jina la shirika lionekane namna hii." Nilikuwa nimeshika viatu vya Marvin, sikuviachia. Alimvua mwenyewe. Alimvua pia kitambulisho kilichokuwa shingoni, akavikusanya vyote viwili akavitia ndani ya mkoba wake. Mhudumu alipokuja kuandika habari za marehemu, nilimsikia Bwana Oguttu akimwambia kwamba huyu ni kijana tu wa kijijini aliyekuja kutazama mafundi.

Hapo nilisema, "Si kweli." Mhudumu alinitazama. Bwana Oguttu akamwambia nimechanganyikiwa kwa msiba, akanishika bega akanitoa nje.

Marvin alizikwa Mukuju siku ya Ijumaa tarehe 14. Shirika halikuleta mtu wala shada. Waombolezaji walikuwa wamesikia kwamba alikuwa amekwenda kutazama tu, na wengine walisema huenda alikuwa akiiba nyaya. Nilisikia hivyo kwa masikio yangu, nikiwa kwenye foleni ya maji ya kunawa.

Mama Akwi aliniita nyuma ya jiko. Mimi sijui Kiteso, naye Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini tulielewana. Aliniuliza, "Wewe binti, ulikuwa na yeye. Mimi nauliza tu. Mtoto yangu alikuwa nafanya kazi wapi?"

Nilimwambia jina la shirika. Akasema amempigia mkubwa wa huko kwa simu ya mwanawe mwingine, na mkubwa amesema hamjui. Aliniuliza kama miaka yote hiyo Marvin alikuwa anaamka asubuhi anakwenda mahali ambapo hawamjui. Nilimwambia kwamba alifanya kazi nzuri kuliko sisi sote, na kwamba kuna shule nyingi zinazotumia mikono yake. Alisikiliza. Halafu akauliza, "Sasa kwa nini hawakumlipa?" Nilimwinamia nikamshika magoti, tukakaa hivyo.

Jumanne tarehe 18 Machi Bwana Oguttu aliniita ofisini Busia. Aliagiza niletewe chai. Alisema shirika limeona bidii yangu, na kwamba nafasi ya fundi msaidizi sasa ipo, ya kuajiriwa, ningeanza mwezi wa nne. Nilimuuliza nafasi hiyo imetoka wapi, maana Marvin aliambiwa haipo. Alisema polisi watafanya uchunguzi wao, na ninachotakiwa ni kusema tu kwamba Marvin alipanda kwa uamuzi wake, bila kutumwa na mtu. Alisema, "Hutakuwa umesema uongo. Hakuna aliyemfunga kamba akampandisha."

Nilipotoka nilipita kwenye chumba tulichokuwa tukifanyia kazi. Kwenye meza ya Marvin walikuwa wameketi vijana watatu, wasichana wawili na mvulana, wamevaa fulana mpya za buluu. Walisimama kunisalimu. Mmoja aliniita madam, akaniuliza kama ni kweli kwamba ukijitolea vizuri hapa unaajiriwa. Nilimwambia aende nyumbani. Alicheka, akidhani natania.

Jioni nilimweleza baba yangu. Baba ni fundi cherehani hapo mpakani, na macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Alisimamisha cherehani yake. Kisha akasema, "Mwanangu, huyo kijana hatarudi. Wewe bado uko. Chukua kazi." Nilimwambia siwezi. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba amechoka, akarudi kwenye cherehani yake, na tangu siku hiyo hatujazungumza sana.

Nilimtumia Bwana Oguttu ujumbe kwamba sitaichukua nafasi hiyo.

Nimeulizwa na afande kama nina ushahidi wa maneno yaliyosemwa kwa simu siku ile Kirewa. Sina. Simu ya Marvin ilikuwa mfukoni mwake, iliungua. Picha zake zote za shule zilikuwa humo. Mwalimu Odeke na Owori hawakuwapo wakati wa mazungumzo. Nimeulizwa pia kama nina mkataba, au karatasi yoyote inayoonyesha kwamba mimi na marehemu tulikuwa tukifanya kazi hapo. Hatukupewa. Tuliambiwa wanaojitolea hawaandikiwi mkataba.

Nimeulizwa ninataka nini. Nataka iandikwe mahali kwamba Marvin alikuwa kazini.

Niliyoyasema hapa ni yale niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: P. Maloba

Maandishi ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili, akakubali kuwa ni sahihi na kutia sahihi mbele yangu saa saba na nusu mchana. Nimemfahamisha kwamba Shirika la Upeo Mpya limejibu wito wa kituo hiki kwa kusema halimtambui marehemu, na kwamba halina mtu yeyote, wa sasa wala wa zamani, mwenye jina la Maloba Prossy. Shahidi aliuliza kama anaweza kwenda. Nilimruhusu.

Koplo Ecweru J.