Kopo Lililonyooshwa

Tarehe 3 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Kile kikohozi cha asubuhi kimekuacha? Sisi tunasukuma siku. Cherehani yangu nzima, magoti yangu ndiyo yanayolalamika, na Baba yupo, ingawa nikisema yupo usidhani yupo kamili.

Macho yamefika ukingoni. Anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Hilo analivumilia, maana vyombo vyake anavijua kwa vidole. Vyote hamsini na kimoja, alivyoviokoa visiyeyushwe kule yadi ya vyuma chakavu alipokuwa mpima mizani, viko kwenye rafu vile vile, na ole wake atakayesogeza kimoja. Kinachonitisha ni kumbukumbu. Juzi aliniuliza kama mwenye nyumba yupo. Nikamwambia mwenye nyumba ni yeye. Akasema, "Basi nina bahati, ni nyumba nzuri."

Sasa sikiliza. Siku hizi anakunywa kwa kopo moja tu, lile la shaba lenye mfuniko. Uji humo, maji humo, dawa humo. Nikimpa kikombe kingine anakirudisha mezani kwa adabu, kama mgeni aliyeshiba. Wiki iliyopita bawaba ya mfuniko ilikatika na kitako kikaanza kuvuja. Nikamwambia wewe ndiyo kazi yako siku hizi, kutengeneza vyombo vya kale kwenye karakana ya watu wanaojua. Alilizungusha kopo mkononi. Halafu akasema, "Mpelekee, tuone."

Miaka sita, Kitinda. Tangu ulipoangusha ile bilauri yake ya kioo na yeye akakuambia mikono yako haikuumbwa kwa vitu vya watu, hajapata kukutaja. Leo kakutaja. Nimelifunga kopo kwa vipande vya kitambaa, dereva wa lori la majora atakufikishia. Ni bawaba na kitako tu. Fanya hima, kwa sasa namnywesha kwa kijiko na tunagombana.

Dada yako


Tarehe 11 Februari

Dada,

Shikamoo. Kikohozi kimepungua, lilikuwa vumbi la kazi tu. Magoti yako yapumzishe, hizo nguo za watu hazikimbii.

Kopo limefika salama. Nililifungua mbele ya bosi wangu, mama mmoja mkali anayeshika vyombo vya watu kama anapokea kichanga. Aliligeuza, akatazama alama ya mfuaji chini ya kitako, akauliza nimelitoa wapi. Nikamwambia ni la baba yangu. Nilijisikia mtu, Dada.

Hilo neno "tuone" nimelibeba mfukoni wiki nzima. Sikufichi: kazi hii niliisomea kwa sababu ya ile bilauri. Miaka sita nafua, nalehemu, natia bati, na kila chombo kinachotoka mezani kwangu namwonyesha Baba kwanza, moyoni. Sasa atalishika la kweli. Sitaishia kwenye bawaba. Ule weusi wote utatoka. Na lile bonyeo la ubavuni, lile alilotuambia lilitokana na kuanguka kwenye gari la mizigo, nitalinyoosha hata kidole chake kisijue lilikuwa wapi. Nipe wiki mbili.

Mdogo wako


Tarehe 19 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imeingia sasa hivi na nimeacha shati la mtu chini ya sindano ili nikujibu. Afya tutaulizana siku nyingine. Usiliguse bonyeo.

Nilimsomea Baba ulivyoandika. Alikuwa amejilaza. Nilipofika hapo aliinuka akasema, kwa ile sauti yake ya zamani ya kukataa mzigo uliopunjwa, "Hapana. Hapo ndipo mama yenu alipotia saini."

Habari ya gari la mizigo ni uongo, mdogo wangu. Mwaka niliozaliwa mimi, Mama alimtuma Baba akanunue ndoo. Akarudi na hilo kopo. Mama akamuuliza, "Na hili ndilo la kufulia nepi?" Baba akaanza kumweleza uzuri wa mfuniko. Mama akalichukua akamrushia nalo. Lilimkosa, likagonga mwimo wa mlango. Wakatazamana, halafu Mama akacheka mpaka akakaa chini. Baba anasema siku hiyo ndiyo alijua ameoa. Mama alimwapisha watoto wasijue kwamba mama yao hurusha vyombo, na mzee wa watu amekaa na kiapo chake hadi leo.

Tangu Mama atuache, miaka minane hii, gumba la Baba hukaa kwenye bonyeo hilo kila akinywa. Nimeliona kila siku na sikujua ninachokitazama. Tengeneza bawaba, ziba kitako, basi. Ningepiga simu, ila ya posta imekufa tangu mvua zile, na karakanani kwenu hamna. Yule dereva naye lori lake liko gereji, kwa hiyo naiweka hii kwenye sanduku la barua na kuiombea dua.

Dada yako


Tarehe 25 Februari

Dada,

Shikamoo. Natumaini mzee anaendelea vizuri na hajakutia wazimu. Kwako bado sijapata kitu, pengine umezidiwa na mishono. Mimi sikungoja.

Limekwisha. Weusi ulitoka siku ya kwanza. Bonyeo lilinichukua siku tatu: nyundo ya mti, kutokea ndani, vipigo vidogo vidogo, huku nikilipasha moto na kuliacha lipoe. Bosi alipitisha kiganja mara mbili akaniuliza lilikuwa upande gani. Kwa mama yule hiyo ni sifa ya mwaka mzima.

Nimelituma asubuhi hii na gari la vifurushi. Mpe mkononi, usimwambie neno, mwache alipapase mwenyewe. Halafu niandikie alivyolipokea. Usipunguze hata kidogo.

Mdogo wako


Tarehe 5 Machi

Mdogo wangu,

Salama? Huku hatujambo kwa kusema tu.

Kopo limefika, linang'aa mpaka jirani kaja kujitazama meno. Uliniambia nisipunguze, sipunguzi. Baba alilipokea kwa mikono miwili. Gumba likaanza kutafuta. Likalizunguka kopo zima, likalizunguka tena, na mara ya tatu polepole sana. Kisha akalitua mezani. "Zuri," akasema. "Mrudishie mwenyewe, atakuwa analitafuta."

Nikamwambia, "Baba, ni lako." Akasema, "Langu mke wangu yumo."

Tangu siku hiyo hanywi. Nikileta kijiko anafunga mdomo. Vitambaa nilivyochovya maji au uji anavinyonya kidogo kidogo, halafu anachoka. Tabibu wa zahanati anasema mwili unakauka, na kwa umri ule hauna akiba. Kila asubuhi anaulizia kopo lake, na kila asubuhi namwambia linatafutwa.

Sikulaumu. Hapana, nadanganya: jana nilikulaumu kutwa nzima. Leo nimechoka hata kwa hilo. Njoo. Usiandike, njoo. Sura hataiona, lakini sauti yako ataijua.

Dada yako


Tarehe 13 Machi

Dada,

Shikamoo. Sijui niulize hali kwa mdomo gani.

Barua yako ya onyo ilinifikia siku tatu baada ya kopo kuondoka. Niliisomea pale pale kwenye meza yangu, na ile nyundo ilikuwa hapo hapo. Siku tatu nilikuwa nampiga Mama kutokea ndani, na nilikuwa napiga mluzi. Nashindwa hata kulia vizuri, maana kila nikianza nakumbuka nilivyofurahi.

Nitakuja. Lakini nije na mikono mitupu kwa mtu aliyeniambia maneno yale? Lililonyooka linaweza kubonyezwa tena. Nimeokota makopo mabovu ya shaba na nimeanza kujaribia. Nisaidie jambo moja: mkandie Baba donge la unga, alishike kama anavyolishika kopo lake, aminye gumba. Ulikaushe, unitumie. Kina na mkao wa kile kidole nikivipata, nitakuja nilitengeneze hapo hapo mbele yake. Nivumilie kidogo.

Mdogo wako


Tarehe 21 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba.

Nilimpa donge. Alilikanda, akaliviringa, akanirudishia akisema limezidi maji. Sina cha kukutumia.

Jana alikuwa na saa nzuri. Alivihesabu vyombo vyake kwa kunyoosha kidole kitandani, kimoja kimoja, na hakukosea hata kimoja. Ameisha, Kitinda, nambeba kama gunia la pamba. Hayo makopo yako mabovu yaache. Njoo na hiyo mikono mitupu.

Dada yako


Tarehe 28 Machi

Dada,

Shikamoo, na pole kwa yote unayoyabeba peke yako.

Usinikasirikie. La kwanza hadi la tano niliyaharibu, la sita lilipasuka, hili la saba limekaribia sana. Nikifumba macho na kuweka gumba langu nahisi kama ndipo. Nataka moja zaidi ili nisikosee mbele yake. Nauli ninayo, ruhusa nimepewa. Jumamosi ya wiki ijayo napanda basi la asubuhi. Mwambie nakuja.

Mdogo wako


Tarehe 3 Aprili

Mdogo wangu,

Keti kwanza. Hii nampa yule dereva akukabidhi mkononi, usije ukaisikia kwa mtu kwenye basi.

Baba alitutoka jana, Jumanne, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimemshika. Hakuhangaika. Tumemzika leo, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kungoja, na majirani wamefanya kila kitu, Mungu awalipe.

Nilitaka nikufiche hili ninalokuandikia sasa. Nimelipima tangu jana. Lakini ni lako, na mimi sina haki ya kubaki nalo.

Jumapili aliamka na akili zake. Akaomba nimpe lile kopo la yule mtu. Nikampa. Alilipapasa kwa muda mrefu kuliko siku ya kwanza, akafungua mfuniko, akaufunga, akaufungua, akasikiliza bawaba. Akapitisha kucha kwenye kitako. Akasema, "Aliyetengeneza hili ana mkono. Sijapata kushika kazi kama hii." Nikamwambia, "Baba, ni mwanao." Akaniuliza, "Huyu mdogo?" Nikasema ndiye. Nikamtilia maji humo, mdogo wangu, na akanywa. Mafunda mawili, lakini alikunywa.

Kisha akaniuliza, "Sasa mbona hakulileta mwenyewe?"

Nikamwambia uko njiani. Akanisihi nimgeuze, na nikamgeuza, uso ukaelekea mlangoni. Jumatatu nilitaka kumlaza upande wa pili ili mgongo upumzike, akakataa.

Dada yako